Jina la Pili Kwenye Tangazo la Mama

Mliniacha wiki iliyopita nimepiga magoti bafuni, nasugua beseni la mdogo wangu wa tumbo moja, naye amesimama mlangoni akijifanya hanijui. Kwa wale wanaoanza kunisoma leo, acheni niwapitishe haraka haraka, maana najua wengine mnasoma gazeti la jirani na hana subira.

Naitwa Eulalie Darbonne, Lalie kwa kifupi, wa Anse Noire, Louisiana. Kwetu sote ni machotara. Damu ya Mfaransa, ya Mwafrika na ya Mhindi Mwekundu zilichanganyika tangu enzi za babu wa babu, na mtoto hutoka na rangi yoyote aliyopangiwa na Mungu. Mimi nilitoka rangi ya sukari guru. Mdogo wangu Odile alitoka mweupe, nywele zimelala, pua ya upanga.

Mwaka 1948 Odile alivuka. Ndivyo tulivyosema, kuvuka: unahamia mji usikojulikana, unabadili jina kidogo, unaanza kuishi kama Mzungu. Na kijiji kilikuwa na kanuni yake. Aliyevuka haulizwi, hatukanwi, hatajwi. Ukikutana naye barabarani, macho yako yanampita kama nguzo ya simu.

Miaka tisa baadaye mama yetu, Mama Tasie, akaugua moyo. Akanituma nimlete Odile amwone mara moja tu kabla hajafa. Nilipiga hodi mlango wa nyuma, maana kwa rangi yangu ule wa mbele ningefukuzwa. Akafungua mama mkwe wa Odile, akanikagua kuanzia kichwa hadi viatu, akasema, "Umechelewa. Aproni iko nyuma ya mlango." Kumbe alikuwa anamngoja mtumishi mpya. Nami kwa ujinga wangu nikaifunga.

Wiki tatu nzima nikawa nafua chupi za mdogo wangu. Msomaji mmoja ameniandikia kwamba mkasa wangu unamchekesha sana. Acheke, sina neno. Tuone leo kama atafika mwisho akiwa bado anacheka.

Nyumba ile ilikuwa na watu wanne. Odile, ambaye kule alijiita Odette. Mumewe Gaston Trahan, fundi wa mashine za kukobolea mpunga, mtu mpole hata ukimkanyaga anakuomba radhi. Mtoto wao Corinne, miaka sita, aliyevalishwa kofia pana na glavu mwezi wa Julai ili jua lisimguse. Na mama mkwe, ambaye nilimwita Bi Mkubwa, na moyoni nilimwita majina mengine ambayo mhariri hatakubali kuyachapa.

Bi Mkubwa alikuwa na ibada mbili. Misa ya Jumapili, na redio ya saa sita mchana. Saa sita redio ya mji ilisoma matangazo ya vifo. Ya Wazungu kwanza, halafu wimbo mfupi, halafu ya kwetu. Bi Mkubwa alisikiliza yale ya kwanza kama mtu anayesikiliza matokeo ya mpira. Yakianza ya kwetu, alizima.

Jumatano Odile alinifuata kwenye kamba ya nguo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nifike anisogelee tukiwa wawili tu.

"Utaondoka lini?" akaniuliza kwa sauti ya chini, huku ananyoosha kidole kwenye shuka kana kwamba anaonyesha doa.

"Ukiondoka na mimi."

"Dada, una kichaa."

"Mama anakufa, Odile."

"Mama alikwisha kufa. Alikufa siku niliyopanda basi. Hujui nani alinishonea gauni la kuvukia? Nani aliniambia nikigeuka nyuma atanilaani? Ni Mama! Wewe ulikuwa shambani unachuma pamba, huna habari."

Nilikuwa na habari ya gauni. Ile ya laana sikuwa nayo. Nikabana shuka kwenye kamba.

"Amebadili mawazo," nikasema.

"Amechelewa. Unajua sheria ya hapa? Mzungu haruhusiwi kuoana na mtu wa damu yetu. Mimi kwa sheria si mke wa Gaston. Wakijua nimetoka wapi, ndoa inafutwa na mwanangu anakuwa wa haramu. Na huyo bibi kizee ana mpwa wake mwanasheria wa serikali. Unataka niende Anse Noire nikashikwe mkono na Mama, halafu nirudi nikute nini?"

"Mama mkwe wako anatutazama dirishani," nikamwambia.

Akapandisha sauti papo hapo. "Na hizi soksi urudie, Lalie! Zinanuka!"

"Ndiyo, Madamu."

Mimi ndiye mkubwa. Nimembeba mgongoni huyo, nimemfuta makamasi, nimemfundisha kufunga viatu. Ndiyo, Madamu.

Ijumaa asubuhi ikaja simu ya kwetu kupitia duka la Mwitaliano pale kona. Walisema Mama yetu hataishi hadi Jumatatu. Nikaingia chumba cha kulia wakiwa mezani wote.

"Naomba ruhusa," nikasema. "Mama yangu yuko hoi. Wanasema ni suala la siku tu."

Bi Mkubwa hata kisu hakuweka chini. "Hawa watu mama zao hufa mara nne kwa mwaka. Yule aliyekutangulia alimzika bibi mmoja mara tatu, na mara zote wakati wa sikukuu."

Odile akacheka.

Si kicheko kirefu. Ni kile cha kumfurahisha mama mkwe, cha puani, halafu akajifuta midomo na kitambaa. Lakini alicheka. Tulikuwa tunazungumza juu ya mwanamke aliyetuzaa sote wawili, na yeye akacheka.

Gaston ndiye aliyesema, "Mama, basi. Nenda, Lalie. Kazi itakungoja." Akainuka akanifungulia mlango yeye mwenyewe. Kumbukeni huo wema wake. Nitaurudia.

Nilimkuta Mama anaongea bado. Mdogo, kama nguo iliyotunguliwa kwenye msumari. Alitazama nyuma yangu kuona kama kuna mtu, akaona mlango mtupu.

"Anakuja Jumapili," nikasema.

"Lalie, tangu utoto uongo unakutoka masikioni. Yanakuwa mekundu." Akapumzika. "Hakukataa yeye. Nilimkataza mimi. Nilimwambia asirudi hata nikifa. Nilidhani nampa maisha."

"Umempa, Mama. Ana nyumba ya ghorofa na anakula kwa kisu na uma."

"Usinichekeshe, kifua kinauma." Akanishika kidole, kimoja tu, hakuwa na nguvu ya mkono mzima. "Sikiliza. Nikifa, tangazo langu lisomwe redioni. Na watajwe wanangu wote wawili. Nimezaa wawili kwa uchungu. Sitaki kuzikwa kama mama wa mmoja."

"Mama, akitajwa..."

"Odile Darbonne, basi. Jina la kwetu. Huko hakuna anayelijua. Usiongeze kitu, umenielewa? Odile Darbonne, na nukta."

"Nimeelewa."

"Apa."

Nikaapa kwa rozari yake. Jumamosi saa tisa mchana, wakati majirani wanachambua maharage barazani, Mama akaacha kupumua kama mtu aliyesahau kitu akakatiza sentensi. Nikasimamisha saa ya ukutani, nikageuza kioo, kama ilivyo desturi ya msiba kwetu. Hakuna machozi yaliyonitoka. Masikioni mwangu kilikuwa kinalia kile kicheko.

Jumapili baada ya misa akaja Bwana Ozeme, mwenye shughuli za mazishi, na karatasi yake ya redio. Alikuwa amezika kijiji kizima na alijua ukoo wa kila mtu, waliovuka na waliobaki. Lakini kanuni ni kanuni. Yeye huandika anachoambiwa na mkubwa wa nyumba.

"Anastasie Darbonne, miaka sitini na minane," akaandika. "Ameacha watoto?"

"Wawili. Eulalie."

"Eulalie, yupo nyumbani. Na?"

"Na Odile Darbonne."

Kalamu ikasimama. "Lalie mwanangu, unajua tunavyosoma. Binti aliyeolewa hutajwa kwa jina la mume na mahali anapokaa. Nikisoma Odile Darbonne kavu hivi, wilaya nzima itasema Tasie ana binti mkubwa hajapata hata wa kumwoa, au ana mengine ya aibu. Afadhali nimwache kabisa. Waliovuka tunawaacha, ndiyo desturi. Hakuna atakayekulaumu."

"Mama alisema wawili."

"Basi niambie mume ni nani. Au tumwache."

Wasomaji wangu, ningeweza kusema andika hivyo hivyo, Odile Darbonne na nukta, watu waseme watakavyo. Mama alikuwa ameniapisha haijapita siku mbili. Mwili wake ulikuwa chumba cha pili, mishumaa inawaka.

Nikakiona kile kitambaa cha Odile kikifuta midomo.

"Lete kalamu," nikasema.

Niliandika mwenyewe, kwa mwandiko wangu mzuri niliofunzwa na masista: *Bibi Gaston Trahan, wa Mtaa wa Magnolia.* Na jina la mji.

Bwana Ozeme alisoma, akavua miwani, akaivaa tena. "Trahan? Wale wa mashine za mpunga?"

"Hao hao."

"Lalie, hili si tangazo la msiba. Hili ni bomu."

"Ndiye mwana wa Mama Tasie au siye?"

"Ndiye."

"Basi soma."

Alikunja karatasi taratibu sana, kama anayenipa nafasi ya kumwita arudi. Akafika getini, akageuka. Sikumwita. Ingesomwa Jumatatu saa sita mchana, mazishi Jumanne.

Jumatatu asubuhi nilipanda basi kurudi kule. Niliwaambia majirani nafuata vitu vyangu. Vitu gani? Sidiria mbili na kitana. Nisiwafiche, nilitaka kuwa ndani ya nyumba ile saa sita ikigonga. Nilitaka kuuona uso wake. Nimeungama jambo hili kwa padri mara tatu na bado naona halijafutika.

Jumatatu kwa huku ni siku ya kufua na ya maharage mekundu. Niliweka maharage jikoni, nikawasha moto chini ya sufuria ya nguo nyuma ya nyumba. Corinne akaja mbio na kofia yake.

"Lalie, mama yako amepona?"

"Amefariki, kipenzi."

Akanikumbatia mapajani. Alikuwa na kidevu cha Mama yule mtoto. Kidevu kile kile tulicho nacho mimi na Odile.

Odile akamwita aingie ndani, halafu akaja yeye. Macho yamevimba, hajachana nywele. Akajibanza nyuma ya shuka.

"Dada," akasema. "Nilicheka. Siku ile nilicheka. Tangu hapo chakula hakipiti."

Niliendelea kukoroga nguo na mti.

"Nimeamua. Leo jioni tukiwa wawili nitamwambia Gaston kila kitu. Kwa mdomo wangu. Ameitwa kazini California, huko ndoa kama yetu haina kesi. Amekuwa anakataa kwa sababu ya mama yake. Nitamwambia, na kama ananipenda kama anavyosema, mwezi ujao tumeondoka. Akinifukuza, basi, narudi Anse Noire na mwanangu. Ila leo mchana nakuja kwa Mama kwanza. Corinne nimeshamtolea gauni jeupe. Nitaketi kitandani kwake, simwondokei. Atanisamehe, sivyo? Yuko macho?"

Ule mti ulinitoka mkononi ukaanguka ndani ya maji ya moto.

"Amekufa, Odile. Jumamosi."

Hakupiga kelele. Kwenye nyumba ile hata kulia kulikuwa na masharti. Alivuta shuka lililolowa kwenye kamba, akaliuma, akachuchumaa. Mimi nikachuchumaa naye. Miaka tisa sikuwa nimeishika ile shingo. Akaniegemea na mwili mzima, kama alivyokuwa akifanya akiwa na degedege, na akawa anarudia, "Dada yangu, dada yangu, dada yangu."

"Aliniulizia?"

"Alisema kosa si lako. Alisema alikukataza yeye."

Hapo akalia zaidi. Halafu akajifuta. "Mazishi ni kesho? Nitakuja. Nitakaa benchi la nyuma, lile la watu wetu, na nyie."

"Ukikaa benchi la nyuma na sisi, umerudi. Hakuna kuvuka tena."

"Najua. Ndiyo maana nataka Gaston ajue leo, kutoka kwangu. Jioni tu, Dada. Jambo moja tu naogopa, huyo bibi kizee asijue kabla hatujaondoka. Akijua yeye kwanza, nimekwisha. Atampigia mpwa wake kabla hata hajavaa viatu. Corinne watanipokonya."

Jua lilikuwa limepanda. Huenda ni saa nne na nusu.

Hapo ndipo ningesema. Maneno yalikuwa machache: Odile, leo saa sita jina lako linasomwa, mtoe huyo bibi nyumbani. Angemtoa. Angemsingizia mtu maradhi, angempeleka sokoni, kwa mshonaji, popote. Lakini alikuwa ameniegemea. Tangu 1948 hakuna mtu aliyekuwa ameniita dada yangu. Nikasema moyoni, nitalimaliza mwenyewe, na hatajua kamwe kwamba nilimfanyia hivi.

"Nenda kaoshe uso," nikamwambia. "Mambo yatakuwa sawa."

Nikavua aproni nikaenda mbio dukani kwa Mwitaliano, maana kwenye simu ya nyumbani Bi Mkubwa angenisikia. Nikapiga simu kwa Bwana Ozeme. Akapokea mkewe.

"Yuko makaburini na wachimbaji, huko hakuna simu. Atarudi saa saba."

"Mwambie afute tangazo la Mama!"

"Ameshalipeleka alfajiri, mwanangu. Alikuwa analaani njia nzima."

Nikapigia kituo cha redio. Akapokea kijana wa Kizungu, nasikia anatafuna.

"Samahani bwana, kuna tangazo la msiba la Darbonne. Naomba jina moja lisisomwe."

"Wewe nani?"

"Binti wa marehemu."

"Matangazo yenu yanaletwa na mtu wa mazishi. Kufuta vile vile aje yeye. Tukianza kufuta kwa simu, kila aliyegombana na shemeji yake atatupigia."

"Bwana, nakuomba, kuna nyumba itavunjika."

"Poleni na msiba," akasema, akakata.

Saa tano na robo nilikuwa nimerudi, jasho jembamba linanitiririka. Odile alikuwa anapanga meza, amepaka poda, ametulia. Akanitupia jicho la siri, jicho la ndugu, na tabasamu dogo sana. Nikatamani ardhi inimeze.

Bi Mkubwa alikuwa ukumbini anafuma. Niliingia chumba cha kulia na tambara kama nafuta vumbi, nikapitisha mkono nyuma ya redio, nikauchomoa waya. Nikausukuma chini ya kabati kwa mguu.

Saa sita kasoro dakika tatu Bi Mkubwa akaja mezani, akazungusha kitufe. Kimya. Akazungusha tena. Akaigonga ubavuni.

"Imekufa," akasema kwa uchungu kuliko alivyowahi kusema juu ya binadamu yeyote.

"Ni hili joto, Bi Mkubwa," nikasema. "Linaunguza hata mashine." Nikapakua maharage.

Mlango wa mbele ukafunguliwa. Gaston. Jumatatu huwa hali nyumbani, anakula kiwandani. Leo amekuja.

"Nimesikia umefiwa, Lalie," akasema, kofia mkononi. "Corinne alinipigia simu ofisini. Nimekuja kukupa pole. Nitakupeleka kwenu na gari, usihangaike na basi."

"Gaston, redio imekufa," mama yake akamkatiza.

Nimewaambia huyu mtu alikuwa fundi. Aliinama, akachungulia nyuma, akacheka. "Waya tu umechomoka, Mama." Akauchomeka. Sauti ikatoka imejaa chumba kizima.

Walikuwa wamefika wa tatu wa Wazungu. Bi Mkubwa akaketi. "Huyo Leonce! Nilijua, alikuwa anakula mafuta mno." Akasomwa wa nne. "Huyu simfahamu." Ukapigwa wimbo mfupi wa kinanda.

Bi Mkubwa akanyoosha mkono kuzima, kama kila siku. Mkono wenye pete tatu. Niliuangalia ule mkono kama ambavyo sijawahi kuangalia sanamu yoyote ya Bikira Maria.

"Bibi, usizime!" Ilikuwa sauti ya Corinne. "Labda watamsoma mama yake Lalie!"

"Hao siwajui," akasema Bi Mkubwa.

"Mama, acha," Gaston akasema. Akauondoa mkono wa mama yake, kwa upole wake ule ule. "Amefiwa na bado ametupikia. Walau asikie mama yake anatajwa. Simama karibu, Lalie, usikie vizuri." Akaongeza sauti.

Odile akaweka uma chini. Macho yalikuwa yamejaa, lakini yalikuwa macho ya shukrani. Alikuwa anamwangalia mumewe, na nikaona anachowaza: jioni itakuwa rahisi. Mtu kama huyu ataelewa. Na alikuwa anangoja kulisikia jina la Mama, aomboleze palepale mezani bila mtu kujua.

"Bwana," nikasema, "mimi sitaki kusikia. Inaniuma. Zima, tafadhali."

"Ni heshima yake, Lalie. Vumilia."

Nikaangusha sahani. Maharage yakatapakaa sakafuni. Bi Mkubwa akanitukana, Corinne akaruka kiti, na yule msomaji wa redio wala hakutikisika. Akamsoma mzee mmoja wa Grand Pré. Akamsoma mtoto mchanga. Halafu akakohoa kidogo.

"Anastasie Darbonne, mkazi wa Anse Noire, aliyefariki Jumamosi akiwa na miaka sitini na minane. Misa kesho saa nne. Marehemu ameacha mabinti wawili..."

Odile aligeuka kunitazama.

Alijua desturi. Kila mtu wa Anse Noire anajua desturi. Waliovuka hawahesabiwi, na binti aliyeolewa anasomwa kwa jina la mume. Nilimwona akijumlisha. Mbio zangu za asubuhi, waya uliochomoka, sahani iliyoanguka. Rangi yote ikamtoka, na alikuwa hana nyingi.

"...Eulalie, wa nyumbani..."

"Lalie," akasema Odile, na akainuka, na hakushusha sauti, "umeandika nini kwenye tangazo la Mama yetu?"

Kijiko cha Bi Mkubwa kilisimama njiani. Corinne akauliza, "Mama ya nani?" Gaston alikuwa bado ameshika kile kitufe cha redio. Alimtazama mkewe, akanitazama mimi, akamtazama tena mkewe, kidevu chake, kisha akamtazama mwanawe.

"...na..." ikasema redio, na vidole vya Gaston vikaanza kukizungusha; kwa kuzima au kwa kuongeza, nitawaambia wiki ijayo.